Mbegu au vipando? Chagua nyasi za ua kwa maji uliyo nayo, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Mtu akitaka nyasi mbele ya nyumba, swali la kwanza huwa bei. Mbegu hushinda hapo hapo, kwa sababu pakiti unaitia mkobani ilhali vipando, yaani vipande vya mashina ya nyasi vya kupandwa, huja kwa magunia na nyasi za mazulia huja kwa pikapu. Naomba uanze na swali lingine kabla hujatoa pesa. Saa saba mchana, jua likiwa la utosi, nani atakuwa nyumbani kwako ameshika mpira wa maji? Na bomba litakuwa linatoa? Mbegu na vipando hutofautiana hapo kuliko mahali pengine popote. Wengi wanaoamini waliuziwa mbegu mbovu walikuwa na mbegu nzima iliyokaukiwa mchana mmoja tu.

Mazulia nitayataja mara moja niyaache. Ni nyasi zilizokwisha kukomaa shambani, zikachunwa pamoja na udongo mwembamba na kutandikwa uani kwako. Ua huwa kijani siku hiyo hiyo, na mizizi hushika baada ya wiki mbili hivi ikiwa udongo wa chini una unyevu. Kama una mteremko mkali, au una sherehe mwezi ujao na pesa zipo, chukua hayo. Kwa ploti ya kawaida, gharama yake pamoja na usafiri huacha mashindano kati ya mbegu na vipando.

Kinachotokea ardhini

Mbegu ya ukoka, ile ambayo maduka ya pembejeo huiuza kwa jina la bamuda, ni ndogo mno. Kilo moja ina mamilioni ya punje. Chakula kilichomo ndani ya punje kinatosha kusukuma mzizi mmoja na jani moja jembamba, basi. Ndiyo maana haifukiwi zaidi ya milimita 5 au 6. Ikizikwa chini zaidi humaliza nguvu kabla ya kuona mwanga. Na kwa kuwa imelala juu juu, inaishi kwenye tabaka la udongo linalokauka kwanza. Ikiwa bado kavu inaweza kungoja. Ikishanyonya maji na kupasuka haina njia ya kurudi: udongo ukikauka wakati kimzizi kina urefu wa milimita chache, mche umekufa, na maji ya jioni hayaufufui.

Kipando kina nguvu zaidi. Ni kipande cha shina linalotambaa, chenye vifundo viwili au vitatu, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi na machipukizi. Kina akiba ya chakula kwenye shina lenyewe. Ukikifukia sentimita 3 hadi 5, ncha yenye majani ikibaki nje, mizizi yake huanzia mahali ambapo unyevu hukaa muda mrefu zaidi. Majani yanaweza kunyauka na kugeuka hudhurungi, halafu kifundo kilicho chini kikachipua upya. Hatari yake iko njiani. Gunia likiachwa juani mchana kutwa, vipando hukauka kabla ya kufika shimoni. Vilivyong'olewa leo vipandwe leo au kesho asubuhi, na kabla ya hapo gunia likae kivulini likiwa limeloweshwa.

Aina ya nyasi nayo hukata shauri. Nyasi za Kikuyu ni za nyanda hizi zetu za juu, na leo zimeenea hadi Australia, Afrika Kusini na California. Mbegu zake hujificha ndani ya majani karibu kabisa na ardhi, kwa hiyo kuzivuna ni kazi ngumu na huwa ghali. Hapa kwetu nyasi zenyewe zimejaa kando ya barabara za Nakuru, Molo na Eldoret. Kwa hizo, panda vipando na usihangaike kutafuta mbegu. Nyasi za Pemba, zenye jani pana na zinazovumilia kivuli cha mwembe, nazo hupandwa kwa vipando. Ukoka ndio unaokupa uhuru wa kuchagua, maana huota vizuri kwa njia zote mbili. Haupendi kivuli, hata hivyo, na mbegu zake chini ya mti ni pesa zilizotupwa.

Ukinunua mbegu za ukoka, uliza kama zimekobolewa. Zilizokobolewa huota kwa siku 7 hadi 14 penye joto; zenye ganda huchukua wiki tatu au zaidi, na kila siku ya ziada ni siku ya kumwagilia. Angalia pia mbegu zilizopakwa rangi. Mpako ule unaweza kuwa nusu ya uzito wa pakiti. Kabla ya kutawanya, hesabu punje mia moja, zilaze kwenye karatasi laini iliyoloa ndani ya mfuko wa plastiki, uziweke mahali penye joto. Baada ya wiki mbili utajua kama unapanda mbegu au vumbi.

Hesabu ya maji

Tuchukue ua wa mita 10 kwa 10. Mbegu zitakazotosha hapo ni nusu kilo hadi kilo moja, yaani gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Vipando vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande ni 2,500, na kwa sentimita 15 vinapita 4,400. Hiyo ni kazi ya vibarua wa siku nzima wakiwa wameinama, wakati mbegu mtu mmoja huzimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kufikia hapa mbegu bado inaongoza.

Sasa weka maji. Kwa wiki mbili hadi tatu za kwanza, sentimita ya juu ya udongo wenye mbegu haitakiwi kukauka. Kwenye jua hiyo ni kunyunyiza mara mbili hadi nne kwa siku, kidogo kidogo, milimita 2 au 3 kila mara. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Milimita 3 kwenye ua wetu ni lita 300, sawa na mitungi 15 ya lita 20. Mara mbili kwa siku ni mitungi 30. Anayenunua maji ya mkokoteni azidishe bei ya mtungi mmoja kwa 30, kisha kwa siku 20, ndipo aamue kama mbegu ni rahisi.

Vipando vikipandwa kiangazi navyo vinataka maji kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Lakini mara moja yatosha, alfajiri au jioni, na siku ya mgao bomba likikauka hujapoteza ua mzima. Vikipandwa mvua ikiwa imeshika, huenda usichote hata mtungi mmoja.

Kuanzia wiki ya nne njia hizi mbili hukutana. Punguza idadi ya mara, ongeza kiasi, mpaka ufike milimita 25 kwa wiki ukizigawa mara mbili, mvua ikiwa imehesabiwa humo. Weka mikebe mitupu ya majarini mahali mbalimbali chini ya sprinkla uone imejaa kiasi gani kwa nusu saa; utashangaa jinsi pembe moja inavyopata maradufu ya nyingine. Kisha chomeka bisibisi ndefu ardhini. Inapoteleza hadi sentimita 10 au 15 bila kusukumwa kwa nguvu, maji yamefika. Mtu anayeendelea kunyunyiza kidogo kila jioni hata katika mwezi wa tatu tangu apande analea mizizi mifupi, na jua la Januari litamwonyesha.

Namna ya kumwaga ni muhimu kwa mbegu kuliko kwa vipando. Usibane mdomo wa mpira kwa kidole. Mkondo ule huchimba vishimo na kusukuma mbegu zote upande mmoja, ndipo baadaye unaona ua wenye mabaka: hapa nyasi zimebanana, pale udongo mtupu. Tumia kichwa chenye matundu madogo, au keni ya bustani, na umwage mpaka udongo ubadilike rangi, usitwame maji.

Nakuru si Kisumu

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwenye udongo wa majivu ya volkano. Ni mwepesi, unalimika kwa raha, na unapitisha maji upesi. Kwa vipando hiyo ni neema. Kwa mbegu ni mtihani, maana tabaka la juu hukauka ndani ya saa chache, hasa upepo wa Januari na Februari ukivuma. Usiku nako ni baridi. Mbegu za ukoka zinataka udongo wenye nyuzi 18 za Selsiasi au zaidi, na mwezi wa Juni na Julai zinaweza kulala zaidi ya wiki mbili bila kuonyesha kitu huku shomoro wakizila. Tena masika ya Nakuru huwa na mapengo: mvua ya siku tatu, jua la siku sita. Kwa hiyo kwa Nakuru, Njoro, Gilgil na hata Eldoret, naunga mkono vipando vya nyasi za Kikuyu, vipandwe Aprili mvua ikishaloesha ardhi shubiri nzima kwenda chini. Mbegu huko nampa mtu mwenye tangi lake na mtu wa kushinda nyumbani, basi.

Kisumu mambo hugeuka. Mji uko kama mita 1,130, usiku una joto, na mbegu za ukoka zilizokobolewa huchomoza kwa wiki moja. Nyasi za Kikuyu huishi huko, ila huwa na raha zaidi penye ubaridi. Ukoka ndio wenye kulipenda joto lile. Kinachosumbua Kisumu ni udongo na dhoruba. Kuelekea Nyamasaria na uwanda wa Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Mbegu hutumbukia ndani ya nyufa au hufungiwa chini ya gamba gumu. Usijaribu kuutibu kwa mikokoteni miwili ya mchanga, maana mchanga kidogo hauwezi kubadili mfinyanzi. Changanya samadi iliyooza vizuri, kisha tandaza juu udongo mwekundu wa sentimita 5 hadi 10, na uache mwinamo mdogo wa kutoa maji mbali na nyumba. Mawingu ya jioni kutoka ziwani nayo yanaweza kumwaga mvua ya saa moja ikafagia mbegu zote hadi kwenye mtaro. Ningesubiri ukali wa Aprili upungue, nipande mbegu Mei, au nilenge vuli ya Oktoba. Mwenye kiwanja kwenye mteremko wa Riat asijaribu mbegu tupu kabisa; apande vipando kwa mistari inayokatiza mteremko.

Kakamega, Vihiga na Kisii ni nchi ya vipando bila mabishano marefu. Kakamega hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na mbingu zinakumwagilia. Jihadhari tu na udongo wenye asidi: upime, na ukihitaji chokaa ya kilimo, ichanganywe wiki chache kabla ya kupanda.

Ukichagua mbegu, uzifunike kwa kitu gani?

Hapa ndipo mtu anaweza kuokoa nusu ya mitungi yake, na ndipo wengi hawajishughulishi. Kifuniko huzuia jua, huvunja nguvu ya matone na kuficha punje wasizione njiwa. Vifuniko vyetu vya magharibi na Bonde la Ufa vinatofautiana sana.

Mabua ya ngano hupatikana kwa urahisi Njoro na Narok. Ni mepesi, hayabanani, na robota moja linatosha ua wa mita 100 za mraba. Ubaya wake ni punje za ngano zilizobaki. Zitaota, lakini ngano haistahimili kukatwa fupi, na mkato wa kwanza au wa pili huimaliza. Mabua ya mpunga kutoka Ahero ndiyo ninayoyapenda zaidi kwa Kisumu. Ni laini, hulala chini upepo ukivuma, na huoza polepole. Yatandaze kwa wepesi kiasi kwamba bado unaona karibu nusu ya udongo ukitazama kutoka juu. Ukifanya godoro, miche itakosa mwanga na itarefuka ikiwa njano.

Makapi ya mpunga huelea mvua ikinyesha na kukusanyika pembeni, kwa hiyo yaache. Vumbi la mbao na makapi ya miwa kutoka viwandani yana kaboni nyingi. Vijidudu vya udongo vinapoyaozesha huvuta naitrojeni ambayo mche mchanga unaihitaji, na nyasi hubaki njano hata ukimwagilia vizuri. Samadi iliyochekechwa, tabaka la milimita 3 hadi 5, ni kifuniko kizuri na chakula pia, mradi imeoza kweli. Samadi mbichi ya boma imejaa mbegu za magugu ambazo ng'ombe alizipitisha nzima.

Wavu wa kivuli ndio bora kuliko vyote kwa ukali wa jua, na kuku hawaupenyi. Uinue kwa vijiti, usilale juu ya miche, na uuondoe nusu ya mbegu zikishachomoza. Wengi huchelewa kwa kuuonea ua huruma, miche ikapenya kwenye matundu na kung'olewa siku ya kuutoa. Mabua, kinyume chake, usiyaondoe. Yaache yaoze, kwa sababu reki itabeba miche pamoja nayo.

Vipando havihitaji lolote kati ya haya. Hiyo ni gharama nyingine ya mbegu isiyoandikwa kwenye pakiti.

Magugu, na nani anaweza kuyapalilia

Siku ulipoamka na kukuta kijani kila mahali, nusu ya kijani hicho huenda ni kishona nguo na ndago. Kwenye ua wa vipando unaingia kati ya mistari na kijembe kidogo tangu wiki ya pili, bila hofu. Kwenye ua wa mbegu huwezi: ukivuta gugu moja, linaondoka na miche kumi iliyoshikana nalo. Itabidi usubiri wiki nne au tano, ung'oe kwa mkono udongo ukiwa umelowa, huku kidole kikishikilia nyasi. Dawa za magugu ya majani mapana zisipigwe mpaka nyasi zimekatwa mara tatu au nne.

Ndiyo maana anayechagua mbegu alipe deni la magugu mapema. Lima sentimita 10 hadi 15, okota kila kipande cha sangari, lile gugu la nyasi linalotambaa, sawazisha, mwagilia kana kwamba umeshapanda, kisha usipande. Acha magugu yaote wiki mbili, yakwangue juu juu bila kugeuza udongo, rudia ukiweza, ndipo utawanye mbegu. Zichanganye na mchanga mkavu ili uone zinapoangukia. Nusu uitawanye ukitembea upande mmoja, nusu ukikatiza. Shindilia kwa ubao au pipa jepesi. Ukikanyaga na unyayo ukazama zaidi ya sentimita moja, udongo bado umelegea mno.

Sisimizi hubeba mbegu na mchwa hula mabua makavu. Kwa mbegu, ukaguzi wa kila asubuhi ndio kinga. Vipando vibichi havina cha kuwavutia.

Mbolea na mkato wa kwanza

Hapa tofauti ni ndogo. Weka fosforasi wakati wa kupanda kwa njia zote mbili. DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, hutumika sana, gramu 10 hadi 15 kwa mita ya mraba, ikichanganywa na udongo isiguse mbegu. Penye asidi, heri NPK 17:17:17 au TSP, kwa kuwa DAP huongeza asidi. CAN, mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, ingoje mpaka mkato wa pili: gramu 20 kwa mita ya mraba, nyasi zikiwa kavu, kisha maji mara moja.

Ukoka ukifika sentimita 4 au 4.5, ukate ubaki 3. Nyasi za Kikuyu zikifika 6 au 7, ziache kwenye 4 au 5. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Udongo uwe mkavu juu na makali yawe makali kweli. Fyekeo lisiguse ua wa mbegu mkato wa kwanza, maana huvuta kabla ya kukata na kung'oa miche yenye mizizi mifupi. Tumia mashine, au mkasi wa ua kama eneo ni dogo. Ua wa vipando huvumilia fyekeo mapema zaidi, na kukatwa huko huuhimiza utambae kando. Watoto na mpira wasubiri miezi miwili hadi mitatu kwa mbegu.

Kwa mwenye maji ya kutosha sehemu tu ya ua, njia zote mbili zinaweza kukaa pamoja mradi aina ni moja. Panda vipando vya ukoka kwenye mteremko, chini ya matone ya paa na kando ya njia ya geti. Tawanya mbegu katikati palipo tambarare na ambapo mpira wa maji unafika. Wiki ya nane ikifika na mabaka bado yapo, usinunue pakiti nyingine. Nenda pale nyasi zilipobanana, ng'oa mashina yaliyoanza kutambaa, yakate yenye vifundo vitatu vitatu, ukayafukie kwenye mapengo jioni ile ile.